Ubao wa Ghalani

Ubao ule ulitoka kwenye kisomo cha watu wazima, enzi ambazo mtu mwenye ndevu hakuona haya kukaa chini na kuimba a, e, i, o, u. Sostenes Mazengo alijifunzia hapo, kijana mchunga ng'ombe, vidole vimekakamaa kwa fimbo. Kisomo kilipokufa, kama vilivyokufa vingi vyema, madawati yakageuka kuni. Sostenes akaubeba ubao kichwani na kuutundika kwenye ukuta wa ghala la ushirika, ambalo nalo siku hizi lina popo tu.

Tangu hapo, kila asubuhi aliandika habari alizozisikia redioni: siasa juu, mpira chini, na mwisho kabisa jina lake. Kijiji chetu kiko magharibi ya Zuzu. Gazeti halikuwahi kufika ila likiwa limefungiwa maandazi. Sheria za Sostenes zilikuwa mbili. Habari aisikie kwa masikio yake, katika vituo viwili. Na anayeandika atie jina.

Zikaja simu, na watu wakaacha kusimama ghalani. Hassani, Mrangi mwenye kibanda umiza cha kuonyeshea mpira, alikuwa akimchokoza kila akipita.

“Mzee, habari zako zimelala.”

“Zimelala, ndiyo, lakini zimelala kwao. Za kwako hazijulikani baba.”

Ndipo ukaja mwaka 2025. Mwezi Machi Sostenes aliandika kwamba leo Simba wanacheza na Yanga, lakini alikuwa amesikia kituo kimoja tu, hakungoja cha pili. Watu walitembea kutoka vijiji vitatu, wakajaa kwa Hassani, na mechi haikuchezwa. Kesho yake ubao ulisema: “Jana niliandika uongo. Sikungoja kituo cha pili. Sostenes Mazengo.” Akauacha hivyo siku tatu.

“Baba Violeth, unajivua nguo mbele ya watu,” alilalamika mkewe, Evarista.

“Nguo chafu heri uivue mwenyewe.”

Agosti Taifa Stars walifika robo fainali ya CHAN, wakafungwa na Moroko moja bila. Aliandika vilevile bila kuremba, ingawa chaki ilimvunjikia mkononi. Zikafuata kampeni, kofia na fulana za bure, magari ya vipaza sauti yakitimua vumbi. Zamani mgombea alishuka garini akala mlenda na wenyeji. Sasa anapunga mkono kioo kikiwa nusu.

Jumatano ya tarehe ishirini na tisa Oktoba ilikuwa siku ya kura, na siku hiyohiyo intaneti ikazimika nchi nzima. Alhamisi asubuhi watu ambao hawakuutazama ubao kwa miaka kumi walikuwa wamesimama mbele yake. Kila nyumba ilikuwa na mtoto Dar es Salaam, na simu za kupiga zilipita kwa taabu au hazikupita kabisa. Violeth, binti pekee wa Sostenes, anauza vitambaa Mbagala. Walipompigia, simu yake haikuita.

Sostenes alizungusha redio. Kituo cha kwanza, muziki. Cha pili, muziki.

“Andika, mzee,” Hassani akamwambia. “Mdogo wangu kanipata dakika moja. Anasema mji mzima umewaka, vurugu kila kona.”

“Ameuona?”

“Kaambiwa.”

“Basi na yeye hajui.”

Akaandika tarehe, na chini yake neno moja: “Sijui.” Akatia jina.

Mtendaji wa kijiji, Cornel, alifika jua likiwa limeanza kuchoma.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba.”

“Mzee wangu, neno hilo linawatia watu hofu. Weka mstari mmoja tu: hali ni shwari nchi nzima.”

“Umeiona nchi nzima?”

“Nimeelekezwa.”

“Aliyekuelekeza anaitwa nani, nimtie hapa chini?”

Watu wakacheka puani. Cornel akafuta ubao kwa kiganja, akachukua chaki na kuandika mwenyewe kuwa hali ni shwari. Alipotaka kuirudisha chaki, Sostenes hakuipokea.

“Bado jina.”

“Mimi ni mtendaji, mzee. Si mwandishi.”

“Na mimi nilikuwa mchunga ng'ombe. Tia jina, mwanangu.”

Cornel alizitazama zile nyuso, kisha akaiweka chaki kwenye jiwe na kuondoka. Alasiri mgambo wawili wakaja, wakaung'oa ubao na kwenda nao.

Sostenes akaingia jikoni, akachagua kipande kikubwa cha mkaa. Evarista akasimama mlangoni.

“Wakikuchukua, Violeth akipiga nani atapokea?”

“Utapokea wewe.”

“Na nimwambie nini?”

“Mwambie sikuandika uongo juu yake.”

Evarista akampisha. Ukutani, pale ubao ulipokuwa, aliandika kwa herufi ndefu kama mkono: SIJUI. SOSTENES MAZENGO. Kila siku akaongeza tarehe. Hakuna aliyemchukua.

Jumatatu, siku ya sita, simu ya Sostenes ikaita. Alisikiliza, kisha akampa Evarista bila kumwambia nani anapiga.

“Hebu sikiliza na wewe. Ni nani huyo?”

Evarista akaketi chini palepale. “Ni yeye.”

Vituo viwili vimetimia. Sostenes akaenda ghalani, akaandika: “Violeth wetu yu hai. Tumemsikia wenyewe.” Akatia jina lake, na la Evarista chini yake. Alipogeuka, Hassani alikuwa amenyoosha mkono kuomba mkaa.

“Mdogo wako?”

“Nimeongea naye sasa hivi. Kwa sikio langu.”

“Andika. Na jina lako.”

Hadi jioni ukuta ulikuwa na majina kumi na tisa. Wapo waliokuwa hawajapigiwa bado, wakaja, wakasoma, wakaurudisha mkaa chini bila kuandika kitu, na hao Sostenes aliwasindikiza hadi njiani.

Wiki iliyofuata ofisi ya kijiji ikamtuma fundi kupaka ghala chokaa. Sostenes alimletea kiti na maji ya kunywa, akamwomba apake mara mbili.

“Kwa nini, mzee?”

“Ukuta mweupe unashika mkaa vizuri.”