Ute Uliopotea

Swaumu alizaliwa Kondoa, lakini siku zake alizipitisha kwenye maabara ya udongo mjini Dodoma, akirudi jioni kwenye chumba chake cha kupanga Makole. Kazi yake ilikuwa kulea bakteria wanaoingia kwenye mizizi ya karanga, wakajenga vinundu na kuulisha mmea. Waliokuwa bora kuliko wote aliwatoa kwenye mizizi ya njugu mawe. Kwenye sahani waling'aa, na ukiwagusa kwa sindano walivutika kama mlenda.

"Ute huo ndio hodi yao," alimweleza baba yake, Mzee Nurdini. "Wakiukosa, mzizi hauwafungulii."

"Basi waje kwangu," mzee alisema. Shamba lake lilikuwa limechoka, karanga zikitoka njano kila mwaka.

Majaribio ya shambani yalicheleweshwa. Swaumu akawa anawahamisha bakteria wake sahani hadi sahani, akiwalisha sukari. Hatimaye mvua zilipoanza, akawapaka kwenye mbegu za baba yake. Mzee akawatangazia majirani kwamba safari hii watamwonea wivu.

Karanga zikatoka njano. Swaumu aling'oa shina, akang'oa na jingine. Mizizi mitupu.

"Udongo wangu ndio mkaidi," mzee aliwaambia majirani. "Mwanangu hana kosa."

Swaumu aliporudi kazini alizitazama upya zile sahani alizozizoea. Bakteria walikuwa wamefifia, wakavu, wana makunyanzi. Kwa kulishwa bila taabu waliuacha ute kidogo kidogo, naye hakuona. Akatoa kwenye jokofu wale wa mwanzo aliokuwa amewagandisha, akawaamsha. Wakavutika.

Akapiga simu. "Baba, nimewapata. Msimu ujao."

"Nitangoja, mama."

Presha ikamchukua mzee kabla ya mvua.

Swaumu alipanda hivyo hivyo. Shamba likawa kijani mpaka wapita njia wakasimama. Mama yake alikuwa bado kwenye eda, hatoki nje, kwa hiyo alimpelekea shina zima nyumbani. Akapasua kinundu kwa ukucha. Ndani kilikuwa chekundu kama nyama.

"Ndivyo alivyokuwa akivisubiri?" mama aliuliza, akivipapasa.

"Ndivyo."

"Na majirani?"

"Wamekuja. Wananipa hongera na pole kwa pamoja."

Hapo kilio ambacho hakikumtoka siku ya maziko kikamtoka. Mama akamshika mabega, wala hakumnyamazisha.