Ubao wa Mtaroni na Baba Mkwe

Kina mama wenzangu, mmeniomba nieleze nilivyougua na nilivyopona. Nimeandika kwanza, maana nikisimama mbele ya watu nasahau, na nikisahau naongeza. Nilisoma hadi darasa la tatu tu. Palipo na kosa, aliyekuwepo anisahihishe.

Zamani nilikuwa mtu wa miguu. Nilitoka Rungwe kuolewa na Ambakisye, seremala wa hapa Mbeya mjini. Nililima viazi huko mteremkoni, nikabeba kapu kichwani hadi sokoni. Ule mtaro wa barabara ya maduka niliuvuka kwa kuruka. Sikuwahi hata kuangalia ubao uko wapi.

Siku moja shambani jembe liliteleza likanikata juu ya vidole vya mguu wa kushoto. Jirani akanipa majani ya kufunga. Simlaumu, majani hayo yalimponya mwanawe. Labda jembe lilikuwa na uchafu, labda nilikawia, sijui. Mguu ulivimba hadi ngozi ikang'aa, halafu ukawa mweusi. Harufu yake iliniamsha usingizini, nikadhani panya amefia uvunguni.

Hospitali, daktari alisema maneno machache, na dresa, yule mfunga vidonda, akanieleza kwa Kinyakyusa: "Tukiuacha mguu huu, utakufa nao."

Nikakubali, wakaukata. Nilipozinduka nilisikia vidole vinawasha. Nikapeleka mkono kuvikuna, nikakuta shuka.

Kidonda kilifunga taratibu. Ambakisye alinichongea magongo, akayavisha ngozi ya kondoo sehemu ya kwapani. Nyumbani nilitembea vizuri. Lakini barabara niliiogopa kuliko nilivyoogopa kisu. Ukitoka kwetu huwezi kufika sokoni, kanisani wala kisimani bila kuvuka mtaro, na mtaro ulivukwa kwa ubao mmoja mwembamba, wenye ukungu wa kijani, ukibonyea katikati. Nilifika ukingoni, nikatazama maji, nikarudi. Nilifanya hivyo siku nyingi. Watu waliniletea maji na kuni, na wengine walianza kuchoka. Sikuona kosa lao.

Ndipo Ambakisye akaniambia, bila kunificha, "Baba anakuja. Anasema mke asiyetoka ndani arudi kupumzika kwao. Sijui nitamjibu nini."

Nilijua maana ya kupumzika: ni kuachwa. Nikaamua kwenda sokoni, ili akifika asikie kwamba natoka.

Hapa niwaeleze wageni. Kwetu Unyakyusa mke haonani uso kwa uso na baba mkwe. Akisikia anakuja, huacha njia, hujifunika na kutazama kando. Jina lake halitaji, ndiyo maana hapa siliandiki. Mkwe naye hukohoa kutoka mbali, ili mkamwana apate kupisha.

Mvua ilikuwa imekatika. Nilianza kuvuka, gongo mbele, mguu, gongo. Lori lilipita nyuma yangu likiunguruma. Baadaye mkwe alisema alikohoa, nami naamini alikohoa. Sikusikia. Nilipofika katikati ubao ukabonyea zaidi, nikaona mbele yangu fimbo na pindo la blanketi ninalolijua. Alikuwa ameshakanyaga ubao.

Nyuma siwezi kugeuka. Njia ya kuacha haipo. Nikafanya nilichofundishwa tangu utoto: niliinua mkono kuvuta khanga nifunike uso. Mkono ule ndio ulioshika gongo.

Nikaanguka. Kisiki cha mguu kiligonga jiwe, nikaona nyota. Maji yalinifika kifuani, baridi, yakanivua khanga na kuchukua gongo moja. Nilidhani nakufa, na nilidhani nakufa uchi mbele ya mkwe wangu. La pili ndilo lililonitisha zaidi.

Watu walisema alisimama tu. Si kweli. Kunigusa hakuruhusiwa. Alinipa mgongo, akarusha blanketi lake nyuma bila kutazama, likaniangukia. Kisha akaita wenye maduka, "Mtoeni. Mimi siwezi kumshika, lakini msimwache."

Fundi cherehani na mkewe walinivuta. Kidonda kilipasuka, nikarudi hospitali nikiwa na hofu ya kukatwa tena juu zaidi. Dresa alikikagua kwa muda mrefu, akakifunga, akasema mfupa haujaonekana, hawatakata tena. Nililia kwa furaha.

Jioni, nyumbani, mkwe alikaa nje ukutani, mimi ndani. Alizungumza na mama mkwe, aliyekuja naye mjini, kwa sauti ya kunifikia.

"Mwambie mkamwana nilikuja kumrudisha kwao. Yeye amekubali kuvunjika kuliko kuvunja heshima yangu. Nimrudishe kwa kosa gani? Kosa ni la ubao."

Mama mkwe akamwambia, "Basi uupeleke ubao kwao." Akacheka peke yake.

Asubuhi alikwenda kwa karani wa mji. Karani akasema madaraja ni ya magari, watu wana mbao zao. Mkwe akarudi Rungwe, akaja na wazee wa rika lake na magogo. Walijenga daraja pana, watu wawili wapishane bila kugusana, lenye mkono wa kushikia. Kingoni walijaza mawe na udongo, pasiwe na ngazi. Mwenye duka alilalamika kwamba maji yatamrudia, na kweli mvua ya kwanza ilimwingilia. Wakaliinua. Alikuwa na haki.

Walilijenga kwa ajili ya adabu yetu. Lakini kipofu wa karibu na kanisa sasa analipita akishika ule mkono, na mwanamume aliyerudi kutoka vitani na mguu mmoja, na wajawazito. Mitaa mingine bado ni ubao.

Ninyi mlio na jeraha, nendeni hospitali mapema. Ninyi mlio wazima, mkiona mtu anarudi kutoka ukingoni, msimbebee maji tu. Tazameni alichokiogopa.

Namshukuru Mungu, daktari, dresa, fundi na mkewe. Hofu haijaisha, ikinyesha bado nasimama kwanza ukingoni nikatazama maji. Lakini mkwe akija mjini hukohoa, kisha husimama kando ya daraja akinipa mgongo, akingoja. Ninavuka. Nikifika udongoni nagonga gongo kwenye ubao wa mwisho, ajue nimepita. Hapo ndipo naye huvuka.