Siku Baba Alipokaguliwa

Kwenye kiwanda cha magodoro walimwita Sindano, kwanza kwa sababu alikuwa mwembamba, pili kwa sababu ulimi wake ulichoma. Kwa miaka kumi na miwili alishona kingo za magodoro akiwa wima, na hakuwahi kuomba ruhusa hata ya kwenda kung'oa jino. Ndiyo maana alipopanda ngazi kwenda kuomba likizo ya kumuuguza baba yake, alidhani atapewa palepale, na pole juu yake. Walimpa fomu.

Likizo yenyewe ilikuwa nzuri kwenye karatasi: siku thelathini na mshahara kamili, kwa mfanyakazi mwenye mgonjwa nyumbani asiyejiweza. Ila afisa wa ustawi sharti amwone mgonjwa kwa macho yake mwenyewe. Siku thelathini zilimtosha Sindano. Kaka yake na mkewe walikuwa wanahamia pale nyumbani mwisho wa mwezi, na wifi alishakubali kushinda na mzee. Tabu ilikuwa huo mwezi wa katikati.

Mzee alikuwa na mwili imara. Kilichomtoka ni kumbukumbu. Miaka thelathini na mitano alisimama mapokezi kwenye hoteli ya ghorofa nne katikati ya mji, suti na tai, akiwapa watu funguo na kuwatakia usiku mwema. Hoteli ilishavunjwa zamani, pakajengwa benki. Yeye hakupata habari, au alipata akaipoteza. Siku moja alitoroka nyumbani, akaenda kusimama mlangoni pa benki, akawa anawauliza wateja kama safari ilikuwa njema. Mlinzi alisema wateja walifurahi, maana hawajawahi kupokelewa vile mahali pale. Sindano alicheka aliposimuliwa, halafu akaenda chooni akalia.

Wiki iliyofuata mzee alifungua jiko la gesi, akasahau kiberiti, akaenda kulala. Jirani ndiye aliyesikia harufu. Kuanzia hapo Sindano akawa anamfungia kwa kufuli akienda kazini. Siku ya nne alirudi akakuta vidole vya baba yake vimevimba kwa kugonga mlango. Mzee akamwambia kwa upole, "Samahani, binti. Nadhani kuna mgeni amefungiwa humu ndani." Siku hiyo Sindano aliapa kwamba kufuli basi. Likizo ikipatikana, sawa. Isipopatikana ataacha kazi, na kiwanda kile mtu akishatoka hapokelewi tena.

Asubuhi ya ukaguzi alifanya jambo lililomtia aibu hata wakati analifanya. Hakumnyoa baba yake ndevu. Alimwacha na shati la kulalia, vifungo vimekwenda upande, nywele kama zilivyoamka. Alitaka afisa akiingia tu aone. Aliwaza kwamba mtu hafichi maradhi mbele ya daktari, basi na huyu ni kama daktari. Moyo haukukubali, lakini alijikaza.

Saa nne kamili mlango uligongwa.

"Baba, kuna mgeni," alisema, neno likamtoka kabla hajalifikiria.

Mzee aliinua kichwa. Alisimama, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango.

Afisa alikuwa kijana nadhifu, suruali imenyooshwa mpaka mstari unakata, faili kwapani. Hakuwa mgeni kabisa pale. Miaka minne nyuma, mama yake Sindano alipofariki, ni yeye aliyetumwa na kiwanda kuja mazikoni kutoa salamu za rambirambi. Alikaa, akafungua faili, akasema, "Haya, dada. Mgonjwa wetu yuko wapi?"

Mgonjwa akatokea. Alivaa koti la buluu la zamani, shati jeupe, na tai aliyoifunga mwenyewe, fundo limekaa sawasawa. Nywele zimechanwa, zimelala. Hata zile ndevu, kwa koti lile, zilionekana kama za makusudi. Sindano alibaki kinywa wazi. Mwezi mzima ule alikuwa akimvalisha hata soksi.

"Karibu sana, bwana," mzee alisema, akainama kidogo. "Tulikuwa tunakutazamia. Safari ilikuwa njema?"

"Njema, mzee. Nashukuru."

"Jua la leo limechachamaa. Binti, mletee bwana maji ya baridi." Maji yalipokuja aliyamimina mwenyewe, mkono umetulia, tone halikudondoka.

Afisa alianza kuuliza na kutia alama. Anavaa mwenyewe? Jibu lilikuwa limekaa mbele yake na tai. Anatembea? Anasikia?

"Mzee, leo ni siku gani?"

"Bwana," mzee alisema akitabasamu, "mtu akishastaafu, kila siku ni Jumapili."

Afisa alicheka kwa moyo, akatia alama.

"Na afya? Unajisikiaje?"

"Mimi niko imara. Anayehitaji kupumzika ni huyu binti. Anafanya kazi mno. Mtazame alivyokonda."

Kila swali lilipita kama mteja aliyelipa na kuondoka na ufunguo wake. Sindano alimfanyia afisa ishara ya macho, wakatoka hadi jikoni.

"Hivyo sivyo alivyo," alinong'ona. "Hayo ni mapokezi. Amefanya kazi hiyo maisha yake yote. Ukiondoka ataniuliza mimi ni nani."

"Dada yangu, kila nyumba naambiwa hivyo hivyo," afisa alisema, bila ubaya. "Mwezi uliopita mtu alinilazia mama yake kitandani, kesho yake nikamkuta huyo mama dukani kwake anapima sukari. Kazi yangu ni kuandika nilichokiona. Na nilichokiona ni mzee mwenye akili kuliko mimi."

Walirudi sebuleni. Afisa alifunga faili na kuweka kalamu mfukoni. Mzee naye alikuwa ameshasimama, tayari kumsindikiza, uso umejaa raha. Sindano aliiona raha ile. Mwezi mzima hakuiona. Swali la kuizima alikuwa nalo mdomoni, analijua jibu lake, maana alilisikia kila siku. Akimwacha baba yake na heshima yake, mgeni atatoka na kazi ya miaka kumi na miwili kwapani. Alijiambia ni kwa ajili ya mzee, ni kwa ajili ya vidole vile vilivyovimba. Ilikuwa kweli, na haikumsaidia kitu.

"Baba," aliuliza, "mama yuko wapi?"

"Mama yako?" Mzee hakusita hata kidogo. "Yuko juu, anakagua mashuka. Ngoja nimwite, amsalimie bwana."

Akaenda mpaka kwenye korido. Nyumba ile ilikuwa ya chini, haina ghorofa, vyumba viwili, sebule na jiko. Mzee alisimama mbele ya ukuta, akainua uso kutazama dari, akamwita mkewe kwa sauti ya furaha. Akangoja. Akamwita tena. Afisa alimtazama Sindano, kisha akatazama chini.

Mzee alirudi taratibu, mkono mmoja ukipapasa ukuta. "Atashuka," alisema. Alimtazama afisa, akaitazama faili, akamtazama binti yake, na kitu kikamwondoka usoni. "Bwana… ulisema utakaa nasi siku ngapi?"

"Sikai, mzee," afisa alisema. Alitoa kalamu, akakata alama zake zote, akaandika upya na kutia sahihi. Mlangoni alimpa Sindano nakala. "Unaanza Jumatatu, dada," alisema, akaondoka haraka.

Sindano aliporudi ndani, mzee alikuwa amekaa na koti lake, mikono juu ya magoti. Hakujua tena alikuwa amesahau nini. Lakini jambo moja alikuwa nalo bado.

"Mbona uliniuliza mbele ya mgeni?"

Sindano alipiga magoti, akamvua viatu.

Jumatatu likizo ilianza. Alimnyoa baba yake vizuri, akampaka mafuta, akamvalisha lile koti la buluu bila kuombwa, na tai akaifunga yeye kwa kubahatisha. Saa nne jirani aligonga mlango, amekuja kumjulia hali mzee.

"Baba, kuna mgeni," Sindano alisema kwa sauti, akasogea pembeni ili mzee apite.

Mzee aliutazama mlango. Alikishika kiti kwa mikono miwili.

"Nenda wewe," alisema. "Mimi nitakosea."