Kelele ya Gurudumu na Marraine Niliyemshusha Njiani

Chekeni tu, nimeshazoea. Hapa Bukavu kuna watu ambao hadi leo wakiniona na gari wananiuliza kama abiria wangu wanapimwa kwanza kwenye mizani, na siwalaumu, kwa sababu aibu ile niliipika mwenyewe na nikaipakua mwenyewe.

Ilikuwa siku ya ndoa ya dada yangu mdogo, Solange. Nilikuwa nimenunua gari langu la kwanza (la kwanza kwangu, maana lilishapita kwa mabwana wengine huko lilikotoka, na kila mmoja aliliachia kidonda chake), nikajitolea kumbeba marraine, yaani yule mama anayemsimamia bibi-arusi kanisani. Marraine wetu alikuwa Maman Espérance, mwalimu, mama mnene na mpole, aliyemlea Solange tangu mama yetu alipofariki. Siku hiyo nilitaka kumheshimu kuliko watu wote.

Asubuhi nilijaribu gari peke yangu kwenye lami, mbio, likawa kimya kabisa. Basi nikamchukua marraine kwake Cimpunda, akaketi nyuma upande wa kushoto, Tonton Déo, mdogo wa baba, akaketi mbele, tukaingia kwenye cortège, ule msafara wa magari ya arusi. Mnajua cortège zetu: taa zinawaka, honi zinalia, magari yanatambaa moja nyuma ya jingine ili mtaa mzima uone, na moja likisimama, yote ya nyuma yanasimama. Hatujafika mbali kwenye ile barabara ya mawe ya Cimpunda, nikasikia nyuma kushoto: krakakaka, krakakaka.

"Iko roulement," akasema Tonton Déo, yaani beringi ya gurudumu, yeye ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli. "Roulement imekufa. Ile gurudumu itachomoka, itatutangulia ku kanisa."

Hapo ningesimama tu nikachungulia gurudumu lenyewe. Lakini mimi ni mtu wa ofisi, kazi yangu ni kuandika ripoti, nikaanza kupiga hesabu kichwani: asubuhi nilikuwa peke yangu, hakuna kelele, sasa nina abiria, kuna kelele, na kelele inatoka nyuma kushoto. Nyuma kushoto ameketi nani? (Ninyi mmeshaelewa. Laiti mngekuwepo mkaniziba mdomo.)

Nilianza kwa adabu. "Marraine, unaweza sogea kidogo kuume?" Akasogea. Krakakaka. "Na ukiinama mbele?" Akainama, kilemba chake kikagonga kiti. Krakakaka. Tulipofika kwenye mlima jasho lilikuwa linanitiririka, nikawa naliona gurudumu likichomoka na sisi wote tukibingirika hadi ziwani, nikasimamisha gari.

"Marraine, pardon, shuka kidogo. Niko najaribu kitu."

"Nishuke? Hapa?"

"Kidogo tu, maman."

Akashuka na viatu vyake virefu vya dhahabu, katikati ya mama wauza nyanya. Tonton Déo naye akashuka, ati asikilize kutoka nje. Nikakanyaga mafuta, nikapanda mbio hadi juu. Kimya! Nikatoa kichwa dirishani, kwa furaha nikasahau kabisa kwamba nazungumzia mtu, nikapaza sauti:

"Tonton, nimeipata! Ni uzito! Iko marraine!"

Honi zilikuwa zimenyamaza, basi kila mtu alisikia. Barabara nzima ikaangua kicheko. "Eh maman, wamekushusha juu ya kilo?" "Gari gani hiyo inachagua watu?" Marraine hakucheka. Alikusanya kitenge chake akaanza kupanda mlima kwa miguu, na nilipomwona kwenye kioo akija hivyo, kichwa juu, macho yamelowa, furaha yote ikaniisha. Nilitamani ardhi inimeze na gari langu.

Nikarudi kinyumenyume, polepole, nimfuate. Krakakaka, na ndani sina mtu! Marraine akasimama, akasikiliza, kisha akainama na mavazi yake yote ya sherehe, akagonga kile kifuniko cha plastiki cha gurudumu.

"Fungua hii."

Nikakifungua. Yakamwagika mawe madogo ya Cimpunda, kiganja kizima, miguuni pake. Gari likienda mbio yanabanwa ukingoni na kunyamaza, likitambaa yanaporomoka na kulia. Ndiyo yote.

"Ndio kilo zangu hizi?" akaniuliza. Akaingia, akafunga mlango mwenyewe, Tonton Déo akarudi mbele, nikaendesha hadi kanisani.

Ukumbini ilipofika zamu ya marraine kuwapa maharusi mashauri, nilijificha nyuma ya kreti za soda. Akashika mikrofoni. "Solange mutoto wangu, mu nyumba kutakuwa kelele. Siku moja bwana atasema iko wewe, siku ingine utasema iko yeye. Musishushane njiani. Mufungue kwanza, muangalie kama haiko mawe." Ukumbi mzima ukageuka kunitazama, watu wakicheka mpaka wanashika meza, na mimi nilicheka nao huku nikilia, kwa sababu nilijua alichokuwa akikimeza ili Solange acheke siku yake.

Wakati wa kurudi, watu waliwafungulia wakubwa milango ya magari mazuri kuliko langu. Maman Espérance akayapita yote, akaja akaketi nyuma, upande uleule wa kushoto.

"Endesha polepole," akasema. "Niko nataka nisikie."

Tangu hapo, garini mwangu kelele ikianza, wa kwanza kushuka ni mimi.