Swali la Kila Asubuhi

Tulimwita Rula, kwa kuwa alinyooka kama rula ya kupimia, na hakuwahi kuchukia. Alikuwa fundi wa nguo za kike, na mimi nilikalia cherehani ya pili katika chumba chake cha mbele kwa miaka kumi na mmoja. Mengi ya haya niliyaona kwa macho yangu. Yale ambayo sikuyaona, alinieleza mwenyewe.

Rula hakusema uongo. Sisemi hivi kama watu wanavyosema msibani. Mteja akijigeuza mbele ya kioo na kuuliza, "Fundi, imenikaa?" sisi wengine tungemjibu imekukaa vizuri mno, huku tunatafuta mkasi. Yeye aliinamisha kichwa, akatazama, kisha akasema, "Mabegani, hapana. Vua niifumue." Bibi harusi mmoja aliambiwa hivyo siku mbili kabla ya ndoa, akalia mpaka kope za bandia zikabanduka. Lakini gauni lilipofumuliwa na kushonwa upya, lilimkaa kama ngozi yake. Kwa Rula, Bwana aliposema ndiyo iwe ndiyo na siyo iwe siyo, alikuwa amemaliza. Hapakuwa na la kujadili.

Mama yake alihamia kwake alipoanza kusahau. Alisahau kwanza sufuria motoni, kisha njia ya kanisani, kisha akasahau ni mwaka gani. Alikuwa bibi mwembamba, msafi, mwenye maneno. Tulimweka kwenye kiti karibu na dirisha, tukampa kopo la vifungo avichambue kwa rangi. Siku moja alipata wembe wetu wa kufumulia, akafumua sare tatu za shule zilizokwisha pigwa pasi. Tulipopiga kelele, akatutazama kwa mshangao.

"Mshono mbaya," akasema. "Nimewasaidia."

Rula akaokota moja, akaichunguza. "Hii kweli ilikuwa mbaya," akasema. Ilikuwa yangu.

Basi tungeishi hivyo kwa amani, kama si Kibogoyo.

Kibogoyo alikuwa kitinda mimba wa yule bibi, dereva wa lori. Akiwa na miaka saba alianguka kutoka ukutani, akakaa muda mrefu bila meno ya mbele. Meno yaliota, jina likabaki. Alifariki kwa ajali barabarani, na wakati ninaousimulia ilikuwa imepita miaka tisa. Lakini asubuhi moja mama alishika kikombe chake cha chai, akatazama mlangoni, akauliza, "Kibogoyo yuko wapi? Mbona haji kunywa chai?"

Rula akaweka chini kitambaa, akamshika mkono. "Mama, Kibogoyo alifariki. Ni miaka tisa sasa."

Sitaki kusikia tena sauti ile. "Mwanangu!" akasema. "Na hamkuniambia?"

Alilia hadi mchana. Kisha akasahau sababu, akabaki na machozi tu, anatuuliza sisi analia nini. Kesho yake, kikombe mkononi, akauliza tena. Na kesho kutwa. Wiki mbili nzima yule bibi alikuwa anafiwa kila asubuhi, na kila asubuhi msiba ulikuwa mpya.

"Mdanganye tu," nikamwambia Rula.

"Nimdanganye mama aliyenizaa?"

Nikakanyaga cherehani.

Kisha akaja dada yake mkubwa, kukaa nasi kwa siku kumi. Huyo alikuwa mtu wa namna nyingine, mchangamfu, ulimi wake laini kama hariri. Mama alipouliza, dada hata hakumeza mate. "Kibogoyo amesafiri, mama. Anarudi Ijumaa."

Mama akacheka, akamaliza chai yote. Dada akatugeukia. "Mmeona? Mnajitesa bure."

Lakini mama, aliyesahau kila kitu, Ijumaa hakuisahau. Siku hiyo aliomba viatu vyake vya kutokea. Alikaa dirishani tangu asubuhi, mikono juu ya mapaja. Chakula alikikataa, akisema atakula na mwanawe. Kila lori lililopita alijiinua kidogo kitini, kisha akakaa. Ilipofika saa kumi alasiri akasema polepole, kama anajisemea mwenyewe, "Labda nilimkosea."

Dada akainuka, akaenda jikoni, akaanza kuosha vikombe vilivyokuwa safi.

Jumatatu Rula akaniomba nimsindikize kwa mchungaji. Ofisi yake ilikuwa nyuma ya kanisa, nusu ofisi, nusu stoo, na tulimkuta amepiga magoti anakaza mguu wa benchi. Alikuwa mtu wa rika letu, mkimya. Rula hakungoja kukaribishwa kiti.

"Mchungaji, sijaja kuombewa. Maombi baadaye. Nimekuja kuuliza. Nikisema kweli, namuua mama. Tukisema uongo, tunamkosea Mungu, na mama anaumia vilevile. Maandiko yanasema nini?"

Mchungaji akaweka bisibisi chini. Alianza na wale wakunga wa Misri, waliomficha Farao habari za watoto wa kiume, na Mungu akawatendea mema.

"Farao alikuwa muuaji," akasema Rula. "Mama yangu si Farao."

Mchungaji akacheka. "Hapo umenishika." Akajaribu tena: Paulo anawaambia Waefeso waishike kweli, lakini ndani ya upendo.

"Upendo ninao, mchungaji. Sina maneno."

Mchungaji akapangusa mikono. Kisha akafungua Injili ya Yohana, ile habari ya Lazaro, akatusomea taratibu. Rafiki yao amekufa, Yesu anajua kwamba amekufa, lakini neno la kwanza analowaambia wanafunzi ni kwamba amelala, naye anakwenda kumwamsha. Mchungaji akasimama hapo, kidole kwenye mstari.

"Nimeisoma sura hii kwenye mazishi mengi hata siyakumbuki," akasema. "Sijawahi kujiuliza kwa nini alianza na neno hilo."

"Alikuwa anawaficha?" Rula akauliza.

"Hapana. Yeye ndivyo alivyomwona. Kwake yule alikuwa mtu wa kuamshwa." Akafunua ukurasa. "Lakini tusiruke, dada yangu. Walipokosa kuelewa, aliwaambia waziwazi kwamba amekufa. Na kabla ya kufika kaburini, alilia pamoja nao. Hakumnyamazisha mtu." Akafunga kitabu. "Sijui kama hili ni jibu. Ndilo nililo nalo."

Asubuhi iliyofuata mama akashika kikombe chake. "Kibogoyo yuko wapi?"

Mguu wangu ukasimama juu ya pedali. Rula akaenda, akachuchumaa kando ya kiti.

"Amelala, mama."

"Amelala? Jua lote hili?"

"Ndiyo."

Mama akafikiri. "Alichoka yule mtoto. Barabara ndefu zile."

"Alichoka, mama."

"Basi msimwamshe." Akachovya mkate kwenye chai, akasita. "Na akiamka?"

Rula akamfuta chai kidevuni. "Akiamka, utamwona. Tutakuwa naye sote."

"Haya," akasema mama, akala mkate wake.

"Nisimulie alivyong'oka meno," Rula akamwomba.

Na mama akasimulia, vizuri, bila kupotea. Ukuta ulikuwa wa jirani mkali. Mtoto alianguka, hakulia, akaokota jino, akalitia mfukoni, akamletea mama yake akauliza kama linaweza kushonwa. Tulicheka wote watatu. Kisha Rula akarudi kwenye cherehani yake, akajaribu kutunga uzi, ukapita kando ya tundu mara mbili. Nikamtungia mimi.

Sitadanganya kwamba tangu hapo mambo yalinyooka. Siku nyingine mama alitaka kwenda chumbani kumfunika shuka. Siku nyingine hakuridhika na jibu lolote, akalia, na Rula akakaa akalia naye pasipo kumweleza kitu. Na Rula mwenyewe hakutulia. "Nalisema kwa kuwa naliamini," aliniuliza siku moja, "au kwa kuwa linanirahisishia?" Akaniambia amejiwekea sharti: siku mama atakapotaka neno wazi, atampa neno wazi.

Siku hiyo ilikuja mwezi wa mvua. Mama alikuwa na kifungo cheusi kiganjani. Akainua macho, na macho yalikuwa yake kabisa, yale ya zamani.

"Kibogoyo alikufa," akasema. Hakuwa anauliza.

Rula akamsogelea. "Ndiyo, mama."

"Ajali ya lori."

"Ndiyo."

"Nilikuwepo kumzika?"

"Ulikuwepo. Ulisimama mbele, ukamwimbia."

Mama akatikisa kichwa polepole. "Niliimba vizuri?"

Mimi ningesema ndiyo, na ningesema upesi. Rula akamshika mikono yote miwili. "Hapana, mama. Sauti ilikukatika katikati. Tukakumalizia sisi."

"Mlinimalizia," akasema mama. Akalirudia neno hilo mara mbili tatu, akimpapasa binti yake shavuni, na machozi yakamtoka kimyakimya, si kama yale ya mwanzo. Alikuwa mtu anayemlilia mwanawe akijua nani yuko kando yake.

Kesho yake akauliza tena yuko wapi, na Rula akachuchumaa kando ya kiti.

Tuliishi hivyo mwaka mmoja na miezi kadhaa. Mama alifariki mchana mmoja baada ya kula, mabinti zake wote wawili wakiwa chumbani. Rula alifunga duka wiki moja. Asubuhi tuliyofungua, alikwenda jikoni, akarudi na vikombe vitatu kwenye sinia. Akasimama navyo mlangoni kidogo, kisha akaja akaketi. Tukanywa vyetu, na kile cha tatu tukagawana.