Kafuri Iliyogeuka Majimaji

Katika miaka ya tisini, shangazi yangu, ambaye kwetu tunamwita eddo, ndiye aliyeosha maiti wa kike mtaani kwetu Garissa. Kafuri ya kazi hiyo, zile punje nyeupe za kunukiza maji ya maiti, aliiweka kwenye kopo la bati juu ya kabati, na hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Mimi nililigusa. Nilikuwa msichana wa kidato cha tatu. Chupa yetu ya mentoli, zile chembe nyeupe kama sindano tulizojipaka kipajini kichwa kikiuma, ilikuwa imepasuka, nami sikuona pengine pa kuzitia. Nikazimimina humo. Zote nyeupe, zote kavu. Nikajiambia nitazitenga baadaye.

Siku mbili hazijapita, jirani yetu akafariki akijifungua. Wanawake walijaa kwake asubuhi, nami nikaleta maji, eddo akafungua kopo. Akaliinamisha, na ndani kikachezacheza kitu kama mafuta. Hapakuwa na punje hata moja.

"Nani ametia maji humu?" aliuliza kwa Kisomali.

Nikaeleza habari ya mentoli.

"Mentoli huyeyuka mchana kwa joto, alfajiri ikaganda tena," alisema. "Hii haikuganda. Unaniongopea mbele ya maiti?"

Nikaapa. Mwanamke mmoja akaomba kinga ya Mungu, "A'udhu billahi," akasogea mbali nami. Ikaazimwa kafuri nyingine, marehemu akaoshwa, akazikwa. Eddo hakunisemesha kwa siku nne, hata mimi nikaanza kujishuku: labda nilitia maji nikasahau?

Siku ya tano nilimpelekea mwalimu wetu wa kemia, mtu wa Taita, lile kopo pamoja na kafuri na mentoli mpya kutoka dukani. Alinusa, hakucheka. Akatia zile mpya kwenye kinu kidogo cha maabara, akaanza kutwanga. Unga ukashikana, ukatoa jasho, kisha mchi ukawa unateleza ndani ya majimaji. Nilirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta.

"Kila moja peke yake ni ngumu," alisema. "Zikikutana, molekuli za hii zinazizuia za ile zisijipange. Zisipojipanga, hazigandi. Mlete shangazi yako aone."

Eddo alikuja, uso umekazwa. Mwalimu akatwanga tena mbele yake. Alipoona unga unalowa, alishika kifua. Kisha mwalimu akachanganya tone moja na masizi ya taa, akaliweka chini ya hadubini. Eddo akainama, akakaa hivyo muda mrefu.

"Mwalimu, hii kitu natembea! Iko hai?" aliuliza kwa Kiswahili chake cha kubahatisha.

"Hapana, mama. Ni masizi tu. Molekuli za majimaji haya hazitulii, ndizo zinazoyasukuma."

"Lakini ingine nasimama."

Mwalimu akaangalia mwenyewe. "Hayo huenda yamenasa kwenye kioo," akasema, kisha akasita. "Au huko ndani hakulingani. Kwa macho ni kitu kimoja, lakini huenda molekuli zimeshikana mafungu mafungu, hapa nzito, pale nyepesi. Sina chombo cha kuonyesha hayo. Sijui, mama."

Nilikuwa sijawahi kumsikia mwalimu akisema hajui.

"Na maji ya kuosha maiti?" eddo akauliza polepole. "Nayo natembea hivi?"

"Nayo."

"Na mwili ya maiti?"

"Hata humo, mama. Molekuli hazisimami."

Eddo aliondoa mikono yake mezani kana kwamba meza imemuunguza. Alikuwa ameosha wanawake wengi kuliko alivyoweza kukumbuka, akifumba macho yao, akiamini hakuna kitu kilichotulia kuliko wao.

"Subhanallah," alinong'ona. Tulipotoka getini, akanishika mkono kwa nguvu. "Iga raali noqo," aliniambia kwa Kisomali. Nisamehe. Nilikuwa sijawahi kumsikia akimwambia mtoto neno hilo, nikalia pale pale barabarani.

Jioni ile aliwazungukia wanawake wote waliokuwapo siku ile ya kuosha, nyumba kwa nyumba, akiwaeleza kwamba sikusema uongo, na kwamba hata ndani ya maiti kuna kitu kisichotulia. Wengine walimwamini. Wengine walimtazama yeye pia kwa hofu.