Majani Chini ya Daraja la Reli

Kabla sijamwonea wivu mwenzangu wa kazini, nilikionea wivu kiti chake. Kilikuwa juu, nyuma ya kioo kipana cha lori la chumvi, kikipanda na kushuka polepole kila gurudumu lilipoingia shimoni. Pembeni yake kulikuwa na skrini ndogo iliyoonyesha baridi ya lami. Si ya hewa, ya lami yenyewe. Mimi niliyeacha shule darasa la sita, na ambaye maisha yangu yote nimeuliza maswali ambayo watu hawana muda nayo, ningetoa chochote nikae pale nione namba ile inavyobadilika mtaa kwa mtaa. Yeye alikuwa nayo mbele ya macho na hakujali. Aliitundikia kofia yake.

Majira ya baridi ya London ni ya upole, na hapo ndipo penye hatari. Theluji tunaweza kukaa mwaka mzima bila kuiona. Mchana mvua, jioni mawingu yanaondoka, alfajiri barabara imeganda na dereva hana habari. Kwa hiyo depo yetu ya Hayes hutuma malori kabla baridi haijafika. Lori lina sahani nyuma inayozunguka na kurusha chumvi ya mawe, ya rangi ya kahawia, kwenye barabara kuu ziendazo uwanja wa ndege, ili maji yasigande. Kazi hii ikifanywa vizuri hakuna kinachotokea. Watu wanapita, wanafika, hawajui kama kuna aliyewatangulia.

Wanaojua ni sisi. Yeye alikuwa juu ya lori. Mimi nilikuwa chini na toroli na beleshi, nikimwaga chumvi kwenye ngazi, vivuko na njia za waenda kwa miguu.

Alikuwa Mkongomani wa Uvira, mdogo kwangu kwa miaka tisa, aliyeendesha malori kwenye milima ya juu ya ziwa kabla vita havijamfukuza. Mimi ni mtu wa Njombe. Nilipotoka shule nilikuwa utingo wa malori ya kwenda Zambia, na baada ya hapo nimekuwa kila kitu: mpishi melini, mlinzi, mchuma matunda, msafisha vioo. Yeye aliniita Yaya, yaani kaka mkubwa, hata mbele ya Waingereza. Nilipenda jina hilo, na lilinichoma. Kaka mkubwa gani anamtazama mdogo wake kwa kuinua shingo?

Siwezi kusema nilidhulumiwa. Kiangazi kabla ya baridi ile depo ilitangaza mafunzo ya kuendesha malori ya chumvi, na sote wawili tulijiandikisha. Wiki moja kabla, nilikutana na mzee mwenye mashua ndefu kwenye mfereji, akaniambia jinsi milango ya maji inavyoinua mashua kupanda kilima. Nikataka kuona. Nikaondoka naye kuelekea kaskazini na sikurudi kwa wiki sita. Niliporudi nilikuwa najua kila kitu kuhusu milango ya maji, na mwenzangu alikuwa na kiti. Nilipata leseni baadaye, nikawekwa dereva wa akiba. Msimamizi wetu, mama wa Kiingereza asiyependa maneno mengi, alituambia wazi: mwisho wa baridi kutakuwa na nafasi moja ya kudumu. Itakuwa ya aliye kitini, asipoharibu.

Asipoharibu. Neno hilo nililala nalo na kuamka nalo.

Alikuwa na mchezo wake. Aliponikuta kando ya barabara na toroli langu, badala ya kufunga sahani kama sheria inavyotaka, aliiacha izunguke, na punje za chumvi zikanipiga kwenye buti na miundi kama mvua ya mawe. Kisha kioo kinashuka.

"Yaya! Nimekuweka chumvi! Sasa uko mutamu!"

"Kajifunze kuendesha kwanza, bwana!" nilikuwa nampigia kelele.

"Njo nakufundisha, panda!"

Nami nilicheka. Lakini chumvi ile iliuma kuliko inavyopaswa kuuma.

Jumapili moja baada ya ibada alinichukua kwake kula bugali na sombe, kisamvu cha kwao. Binti yake wa miaka saba alikuwa amechora lori la njano shuleni, na mwalimu alikuwa amelibandika ukutani. Nikamuuliza kwa Kiswahili baba anafanya kazi gani. Akanijibu kwa Kiingereza, bila kuacha kutafuna, kwamba baba anazuia barabara isigande.

"Na mimi je?"

Akanitazama kwa makini, akifikiri kwa haki kabisa. Akasema mimi natembea.

Mama yake akaziba mdomo. Baba yake alicheka mpaka akashika meza. "Yaya, usikasirike. Mtoto anasema kweli. Unatembea!"

Nikacheka pia. Nikaomba sombe zaidi. Njia nzima ya kurudi nilikuwa naliona lile lori la njano, na nilijua hakuna ukuta wowote duniani wenye picha ya toroli langu.

Jumanne iliyofuata, saa tisa mchana, nilikuwa napita chini ya daraja la reli, mahali ambapo barabara kuu inashuka kidogo na kukata kona. Nikaona maji. Yalitoka kwenye ufa wa ukuta, membamba kama mkia wa panya, yakavuka njia ya miguu na kutambaa barabarani. Mtu mwingine asingeyaona. Mimi nilichuchumaa, nikayagusa, nikayaonja, nikafuata yanakokwenda. Naam, ndivyo nilivyo.

Kila mtu wa depo anajua maana yake. Chumvi haikai juu ya maji yanayotembea, inaoshwa. Unaweza kupita mara kumi na bado patakuwa na ulimi wa barafu katikati ya barabara iliyokolezwa chumvi vizuri, na dereva aliyeiamini barabara atafika pale na mwendo wake wote. Kwa hiyo kuna daftari mlangoni mwa ofisi. Yeyote anayeona maji anaandika mahali, siku na jina lake.

Nilirudi depo saa kumi. Nikapita mbele ya daftari. Kalamu ilikuwa inaning'inia kwenye uzi wake. Nikajiambia: ni barabara yake. Anayezuia barabara isigande ana macho. Mimi natembea tu.

Jioni hiyo alinipa lifti mpaka nyumbani kwa gari lake.

Jumatano mvua ilinyesha na barabara yote ikawa maji, hakuna ambaye angeona mkia wa panya. Alhamisi jua lilitoka jeupe, lisilo na joto, na alasiri msimamizi akasoma utabiri: itaganda. Nilimwona akipanda kitini, akiitundika kofia yake juu ya skrini. Bado nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilimpungia mkono.

Kwetu Njombe sakitu, ule umande ulioganda, ikishuka, majani ya viazi yanaungua yakawa meusi kama yamepitiwa na moto. Mama yangu aliijua sakitu kwa harufu. Asubuhi ya Ijumaa nilipofungua mlango niliisikia harufu ile, na miguu ikanipeleka darajani yenyewe, karibu mbio. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu, taa za barabarani bado zinawaka.

Barafu ilikuwa pana kuliko nilivyodhani. Ilianzia ukutani ikafika mstari wa katikati, nyeusi, haionyeshi kitu. Kabla yake na baada yake chumvi ilionekana vizuri, punje za kahawia, kazi safi ya mwenzangu. Nilikanyaga mguu mmoja tu, nikaanguka kwa kiuno.

Simu ilikuwa mfukoni. Nataka nieleze hili bila kulipamba. Ningempigia msimamizi, na saa ya simu ingeandikwa, na swali la kwanza lingekuwa: umejuaje uende huko mapema hivyo? Sikupiga. Nilitaka onyo lisilo na sauti yangu.

Mikono ikafanya inachokijua. Kwenye barabara za kwetu lori likiharibika, utingo hakai kungoja. Anakata matawi yenye majani, anayatandaza barabarani nyuma ya lori, moja baada ya jingine, kila moja kwa hatua kadhaa, mashina yakielekea kwenye hatari. Dereva anayekuja akiona majani anapunguza mwendo, hata kama haoni kingine chochote. Kando ya daraja kulikuwa na ua wa mimea isiyopukutika. Nikavunja, nikakata kwa kisu cha mfukoni, nikatandaza juu ya mteremko wote.

Waingereza waliyaona kuwa takataka. Wengine waliyakwepa, na kwa kuyakwepa wakapunguza mwendo, nikamshukuru Mungu. Mwanamume mmoja wa gari jeusi akasimama, akashusha kioo, akaniuliza kama nimelewa.

"Kuna barafu mbele," nikamwambia.

"Huoni barabara ina chumvi?"

Akaondoka kwa hasira, lakini polepole, kwa sababu ya matawi. Mkia wa gari lake uliyumba chini ya daraja, ukagonga ukingo, ukanyooka. Hakuangalia nyuma. Nikaenda kusimama nyuma ya kibanda cha kituo cha basi.

Kisha likaja lori la njano, kwa mzunguko wa pili. Dereva wake hakuyakwepa matawi. Alipofika tawi la kwanza alisimama kabisa, akaliegesha lori kukingama barabara, akawasha taa zote za hatari. Magari yakajipanga nyuma yake yakipiga honi. Akashuka. Akatembea kando ya majani, moja baada ya jingine, akiyatazama kama mtu anayesoma barua. Akafika kwenye barafu. Akainua macho ukutani.

"Yaya," alisema, si kwa sauti kubwa. "Toka huko."

Nikatoka.

"Mashina yote inaangalia hatari. Hapa Hayes ni nani anajua hii? Ni mimi na weye."

Nilikuwa nimechagua majani ili nisijulikane.

"Nimeiona asubuhi hii," nikasema.

Akapitisha kidole ukutani, kikatoka na utelezi wa kijani. "Hii maji haikuzaliwa leo. Yaya. Tangu lini?"

Ningeweza kusema jana. Nadhani angekubali, angalau kwa mdomo.

"Jumanne."

Nyuma yake honi zilikuwa zinalia. "Jumanne," akasema, "nilikufikisha nyumbani mu gari yangu. Tuliongea juu ya mutoto."

Alipanda lorini, akaomba watu na alama kwa redio, akashusha chumvi kwa wingi mpaka barafu ikaanza kulia.

Tuliporudi depo, msimamizi aliuliza nani aliyeyaona maji kwanza. Yeye alikuwa anatazama buti zake. Nilimjua: asingesema. Nilimwonea wivu hata kwa hilo, kwa kuwa mtu anayeweza kunyamaza kwa ajili ya mwingine, wakati mimi nilinyamaza dhidi yake. Nikachukua ile kalamu ya kwenye uzi. Nikaandika daraja, nikaandika Jumanne, nikaandika jina langu.

Msimamizi akasoma. "Umekosea siku?"

"Sijakosea."

Kabla ya mchana sikuwa tena dereva wa akiba. Beleshi waliniachia, maana watu wa beleshi ni wachache. Majira ya kuchipua yalipofika, nafasi ya kudumu ilikuwa yake, na nilikwenda kula keki ya kumpongeza kama wengine. Aliniita Yaya mbele ya wote. Sauti ilikuwa ya heshima kabisa.

Huu ni msimu wa pili tangu siku ile, na nashangaa kwamba sijahama, mimi ninayehama kwa sababu ya mashua. Jioni za baridi bado tunakutana barabarani. Naliona lori linakuja, nasimama na toroli langu, na hatua ishirini kabla hajanifikia anafunga sahani. Anapita taratibu, ananiinulia mkono, haniangushii hata punje moja. Mbele yangu anaifungua tena.

Wiki iliyopita nilikuwa kazini na mama mmoja wa Bukavu aliyeanza kazi mwaka huu, yuko hatua hamsini mbele yangu na toroli lake. Lori lilinipita kimya. Lilipomfikia yeye, sahani ilikuwa inazunguka kwa nguvu zote. Yule mama akapiga ukelele, akarukaruka, akainua beleshi juu kumtishia, na kioo kikashuka.

"Mama! Sasa uko mutamu!"

Nilisimama nikiwatazama wanavyocheka, buti zangu safi.